Saa Njema ya Mwenyekiti Khoo

Mwenyekiti Khoo hukohoa kabla ya kusema neno lolote, kana kwamba maneno yake ni wageni wa heshima na lazima wafunguliwe mlango kwanza. Asubuhi ile alikohoa, akatema mate mekundu ya tambuu ndani ya kikombe cha karatasi, kisha akatutangazia sisi wanawake tuliokuwa tunapanga maua hekaluni kwamba mwaka huu mwenye chetezo hatachaguliwa kwa vibao. Atachaguliwa na kompyuta.

"Na Babu wa Ardhi ameulizwa?" nikasema.

"Dada Sok-hun, dunia imekwenda mbele."

"Mimi nimekuuliza habari za Babu, wewe unanipa habari za dunia."

Akacheka kile kicheko chake cha mkandarasi aliyekwishapata tenda, akaenda zake na kikombe chake cha mate.

Hekalu letu ni dogo. Wakiingia watu wanne, wa tano anabaki mgongo nje. Liko kwenye kona ya Uchochoro wa Kisima cha Chumvi, hapa Tainan, kati ya bucha la nguruwe la Bwana Pin na kibanda cha kinyozi. Ndani anakaa Babu wa Ardhi, ndevu nyeupe, tumbo la mtu aliyeshiba, mungu wa kusikiliza habari ndogo ndogo: kuku aliyepotea, mtoto asiyelala, mpangaji asiyelipa. Kila mwaka siku yake ya kuzaliwa inapofika, nyumba moja ya mtaani inachaguliwa kukaa na chetezo chake mpaka siku kama hiyo mwaka unaofuata. Ni chetezo cha shaba, kimebonyea ubavu mmoja, na mguu mmoja umeungwa kwa risasi. Ukikiona sokoni hukinunui. Lakini atakayekaa nacho ndiye atakayeandaa sherehe, ndiye atakayekaa meza ya mbele, na watu watamsalimu yeye kwanza kabla ya mwenyekiti, kabla ya diwani, kabla ya yeyote.

Na hachaguliwi na mtu. Jina la mwenye nyumba linaitwa, anapiga magoti, anataja jina lake na mahali anapokaa ili Babu asichanganye, kisha anarusha sakafuni vibao viwili vyekundu vilivyochongwa kama mwezi mchanga, upande mmoja bapa, upande mmoja mviringo. Kimoja kikilala hivi na kingine vile, Babu amekubali, rusha tena. Vyote viwili vikionyesha ubapa juu, Babu anacheka, zamu yako imekwisha. Vyote vikiuficha ubapa, amekataa, simama umpishe mwenzako. Atakayekubaliwa mfululizo mara nyingi kuliko wengine wote, chetezo chake. Shughuli inachukua siku nzima, magoti yanauma, watoto wanalia, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba kapendelewa fulani.

Yaani hakuna isipokuwa Khoo. Khoo ana nyumba ya ghorofa yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Khoo alilinunulia hekalu taa, akaandika jina lake juu yake kwa herufi kubwa kuliko jina la Babu mwenyewe. Na kila mwaka Khoo anapiga magoti na suti yake, anarusha, na Babu anamcheka mrusho wa kwanza. Mwaka huo kulikuwa na uchaguzi wa kiongozi wa mtaa, naye alitaka kugombea. Mgombea gani anayechekwa na mungu wa kona yake?

Lakini mimi sikuwa na haja na uchaguzi wake. Nilikuwa namfikiria mkwe wangu.

Huong alitoka Vietnam kuja kuolewa na mwanangu Kok-tiong angali msichana wa kuona haya. Tangu hapo anafagia ua wa hekalu, na ndiye anayepika keki nyekundu za mchele za umbo la kobe zinazowekwa mbele ya Babu, kwa kuwa wake wa mtaani wanaojiita wenyeji wamesahau hata namna ya kuloweka mchele wenyewe. Pamoja na hayo, sokoni bado wanamwita "yule bibi harusi wa kigeni." Bibi harusi gani mwenye mvi? Mwanangu alipofariki, nyumba iliandikwa kwa jina la Huong. Kwa hiyo mwaka ule, kwa mara ya kwanza, jina lake lilikuwa liitwe mbele ya Babu pamoja na majina ya wengine.

Hakulisema sana. Ila nilimwona jikoni, akidhani mimi nimesinzia kitini, anarusha maganda mawili ya chaza sakafuni, anayatazama, anayaokota, anarusha tena.

"Unafanya nini?"

Akashtuka. "Nafagia, Mama."

"Unafagia kwa kurusha?"

Akacheka, akakaa chini. "Mama, pale hata Khoo anapiga magoti. Anasema jina lake kama mimi. Anangoja kama mimi. Hakuna pengine katika mtaa huu."

Ndiyo maana nilipomsikia Khoo na kompyuta yake, mdomo uliniingia uchungu kama nimetafuna panadoli.

*

Kompyuta ililetwa na mkwewe Khoo, kijana anayeitwa Chong-hian, mhandisi katika viwanda vya kule Hsinchu. Ni kijana mpole, ana miwani, amesoma hadi ng'ambo, na anaongea na wazee kwa sauti kubwa kama tuko ng'ambo ya mto. Alituwekea televisheni pana ukutani, akatuonyesha jinsi majina yetu yatakavyozunguka ndani ya picha ya taa nyekundu kisha yatoke kwa mpangilio: la kwanza mwenye chetezo, manne yanayofuata wasaidizi wake.

"Bibi, vibao vina kasoro!" akaniambia kwa kelele. "Vimechakaa! Havina usawa! Na huu ni ushirikina kidogo!"

Huku akisema hivyo aliiwekea kompyuta yake pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi juu ya kichwa. Maana wahandisi wote wa nchi hii huzipa mashine zao vile vitafunio ili zisilete ukorofi, na lazima pakiti iwe ya kijani, ya njano haifai.

"Hii je?" nikamwuliza, nikiigonga pakiti kwa fimbo yangu. "Nayo ni sayansi?"

Akawa mwekundu masikio. "Hiyo... hiyo ni kawaida tu, Bibi."

Nisimwonee. Chong-hian hakuwa mwizi. Alikuwa mjinga wa aina ile inayopewa vyeti. Kwa uwazi wake aliituma programu yake yote, pamoja na majina yetu, katika kundi la simu la mtaa, ili kila mtu aikague. Nani aikague? Bwana Pin? Bwana Pin alijibu kwa picha ya kidole gumba, na wengine wote wakafuata, vidole gumba mpaka chini ya kioo.

Siku mbili tatu baadaye Khoo akabandika karatasi nyekundu mlangoni mwa hekalu. Alisema amemwendea mtazamia nyota, akapewa saa njema. Kompyuta itajiwasha yenyewe saa hiyo hiyo, bila kuguswa na mtu. Karatasi ilisema: saa tatu asubuhi, dakika ya kumi na nane, sekunde ya arobaini na saba.

Watu wakaisoma, wakapiga midomo kwa kustaajabu. Mpaka sekunde! Mtazamia nyota wa siku hizi!

Mimi nikaisoma, nikaisoma tena. Arobaini na saba. Ukiiandika inaanza na nne, nasi ni watu tunaoikimbia namba nne, maana kwa lugha yetu inasikika kama kifo. Hospitali zetu hazina ghorofa ya nne. Khoo mwenyewe alilipia namba yake ya simu ghali ili isiwe na nne hata moja. Mtu wa namna hiyo apewe sekunde zote za asubuhi achague, achague yenye nne?

*

Binti wa Huong, mjukuu wangu Pei-chun, alikuja nyumbani kwa ajili ya sherehe. Yuko chuo kikuu, na masomo yake, kadiri alivyonieleza, ni kuifundisha kompyuta kubahatisha. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani ni kamari, nikalia.

Tulikuwa jikoni tunatoa chaza kwenye maganda. Nikamwambia habari ya ile nne. Yeye akaacha kisu.

"Bibi, wewe ukinunua chaza unachagua vipi?"

"Nazamisha mkono ndani ya ndoo bila kutazama, natoa wachache, nanusa, ndipo naamua kununua ndoo nzima."

"Kwa nini usichukue wa juu?"

"Wa juu! Muuzaji anajua watu wote wanachukua wa juu. Wazuri anawaweka juu, waliokufa anawaficha chini."

"Na kwa nini usichukue siku zote wa chini kabisa?"

"Atanizoea. Wiki ijayo wazuri watakuwa chini kwa ajili yangu, wabovu katikati."

"Basi hayo ndiyo masomo yangu," akasema, akafurahi mpaka kisu kikaanguka. "Kuna kazi ambazo kompyuta ikizifanya kwa utaratibu mmoja siku zote, mtu mwovu akiujua utaratibu huo, anaitegea. Anaiandalia kazi inayoikwamisha, au anajua mapema itajibu nini. Kwa hiyo tunaiambia: papasa. Zamisha mkono popote. Wala haihitaji kukagua ndoo nzima, ikipapasa vizuri mara chache inajua ndoo ikoje. Ni haraka, na yule mwovu hana pa kutega."

"Sasa ubaya wa kijana wa Khoo ni nini, ikiwa naye ameiambia ipapase?"

"Kompyuta haina mkono, Bibi. Haijui kupapasa. Inachojua ni kuhesabu. Unaipa namba ya kuanzia, nayo inaizungusha, inaizidisha, inaikata, inatoa namba nyingine, na nyingine, mpaka ukiziangalia unaona vurugu tupu. Lakini ukiipa namba ile ile ya kuanzia, vurugu inatoka ile ile, namba kwa namba. Sasa Chong-hian yeye ameichukua wapi namba ya kuanzia?" Akafungua programu kwenye kompyuta yake, akaitembeza kwa kidole chenye maji ya chaza. Kisha akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga kinyesi. "Kwenye saa! Ameichukua kwenye saa ya kompyuta yenyewe!"

"Saa si inabadilika?"

"Inabadilika kwa mtu asiyejua itabonyezwa lini. Ukicheza karata kwenye simu, nani anajua utagusa sekunde gani? Haina neno. Lakini ninyi mmeibandika sekunde mlangoni kwa karatasi nyekundu!"

Akaibadilisha saa ya kompyuta yake, akaandika siku ya sherehe, saa tatu, kumi na nane, arobaini na saba. Taa nyekundu ikazunguka. Jina likatoka: Khoo Bun-hiong.

Huong alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mchele. Alilitazama lile jina, kisha akaanza kuosha mchele, akiusugua kwa nguvu ambayo mchele haukustahili.

"Basi mimi sitaitwa," akasema.

"Mama, nitamwandikia Chong-hian sasa hivi," Pei-chun akasema. "Atabadilisha, ni mtu mwelewa."

"Humwandikii mtu," nikasema. "Ukimwambia leo, Khoo atatafuta sekunde nyingine, na kitakachotoka ni kile kile. Niandikie hayo majina matano kwa herufi kubwa."

*

Siku yenyewe uchochoro ulijaa. Meza zilikuwa na mananasi, nguruwe mzima mwenye chungwa mdomoni, na keki za Huong, kobe wekundu waliopangwa kama jeshi. Khoo alivaa suti ya rangi ya zabibu. Akashika kipaza sauti, akakohoa.

"Ndugu zangu! Leo hakuna mkono wa mtu! Mashine haina shemeji, mashine haina jirani!"

"Mashine ina mkwe," nikasema, lakini sikuwa na kipaza sauti.

Nikapanda ngazi ya hekalu. Kwa mguu wangu huu ilichukua muda, na watu wakanyamaza kwa adabu, wakidhani nakwenda kuwasha udi. Nikageuka.

"Kabla mashine yenu haijasema, nitasema mimi," nikawaambia. "Mwenye chetezo atatoka Khoo Bun-hiong. Anayemfuata ni Pin wa bucha. Halafu mjane wa fundi cherehani, halafu Lau wa duka la dawa, wa mwisho Te Kim-su wa baiskeli. Mmesikia? Kwa mpangilio huo huo."

Khoo akakohoa, lakini safari hii mlango haukufunguka. Televisheni ikalia kengele yenyewe. Majina yakazunguka, yakapungua mwendo, yakasimama. Khoo. Pin. Mjane wa fundi. Lau. Te.

Nikangoja hasira yao. Nilikuwa nimejiandaa hata na maneno ya kuwatuliza.

Bwana Pin, mwanamume mzima, mwenye mikono ya kupasua nguruwe, akapiga magoti mbele yangu.

"Shangazi! Babu amekuingia! Niambie namba za bahati nasibu za kesho kutwa!"

"Toka hapa!"

"Mbili tu, Shangazi! Za mwisho tu!"

Wakanizingira. Mmoja ananishika mkono, mmoja ananisukumia mtoto wake nimguse kichwa, mmoja anauliza kama binti yake ataolewa. Khoo, ambaye dakika iliyopita uso wake ulikuwa kama maziwa ya soya, akaona upenyo akajitumbukiza.

"Mmeona!" akapiga kelele. "Babu mwenyewe amemnong'oneza Dada Sok-hun jina langu! Mashine na mungu wamekubaliana!"

Na wakampigia makofi. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote, nimewauguza, nimewazika wazazi wao, na sijawahi kuwaona wajinga kwa umoja kama siku ile.

Pei-chun akajipenyeza mpaka kwenye kompyuta. "Kaka Chong-hian," akasema, "irudishe saa nyuma kwenye ile sekunde ya karatasi, uiache ichague upya."

"Haina shida," Chong-hian akajibu kwa fahari. "Programu yangu haina siri."

Ikachagua. Khoo, Pin, mjane wa fundi, Lau, Te.

Fahari ikamtoka kidogo. "Tena," Pei-chun akasema. Ikachagua tena. Khoo, Pin, mjane wa fundi, Lau, Te.

Mhandisi wa watu alikuwa ameelewa. Niliuona ule uelewa ukishuka kutoka kwenye paji lake la uso mpaka magotini. Lakini mtaa? Mtaa ulilipuka kwa shangwe.

"Mara tatu! Babu ameitikia mara tatu!"

Maana kwetu vibao vikikubali mara tatu mfululizo hiyo ni kama kiapo, hakuna tena mjadala. Kumbe mashine imeropoka neno lile lile mara tatu kwa kuwa haijui jingine, nao wanasikia kiapo. Mtu fulani kule nyuma akawasha fataki. Pei-chun akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Bibi, nifanyeje? Kila nikithibitisha kwamba ni uongo wanaona ndiyo kweli zaidi."

"Waache na ukweli," nikamwambia. "Waonyeshe na wao wanaweza kupata." Nikamgeukia Pin, bado yuko magotini. "Pin, unataka chetezo?"

"Nani hataki, Shangazi?"

"Pei-chun, mtafutie sekunde yake huyu."

Pei-chun akaiambia mashine ijaribu sekunde moja baada ya nyingine, harakaharaka, mpaka isimame kwenye ile inayomtoa Pin. Hata sikuwahi kumeza mate. Akageuza kioo. "Hii hapa, Mjomba Pin. Kama tungeanza saa tatu na dakika ishirini na moja, sekunde ya tisa, mwenye chetezo ungekuwa wewe."

Jina lake likatoka juu, limezungukwa na taa nyekundu. Pin akalitazama. Akasimama polepole. Mawazo yalikuwa yanapanda ndani ya kile kichwa kama mzee anavyopanda ngazi, na sote tulimngoja afike.

"Kwa hiyo anayechagua saa," akasema, "ndiye anayechagua mtu."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na saa aliichagua Khoo."

"Ndiyo."

"Khoo wewe mbwa!"

Ungedhani sasa mambo yamekwisha. Thubutu! Mjane wa fundi cherehani akamsukuma Pin kando. "Na mimi nitafutie saa yangu, mwanangu!" Lau wa duka la dawa akasema yeye ni mtu wa elimu, atafutiwe kwanza. Te wa baiskeli akasema sekunde ya mjane imeangukia saa mbaya, yake ni safi zaidi. Mashine nayo, haina aibu, ikamtoa kila aliyetaka. Kila mmoja akawa mwenye chetezo kwa dakika moja, akapigwa picha na jina lake, akatoka kifua mbele. Mwisho wakaanza kushikana mashati.

Khoo akapata akili ya kuruka ukuta. "Basi ni kosa la kompyuta!" akasema. "Mkwe wangu amekosea, vijana hawa, unajua. Mimi nilipewa saa na mtazamia nyota."

Chong-hian akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kwa mara ya kwanza aliongea kwa sauti ya kawaida.

"Baba mkwe, ulikuja kwangu ukasema nikuonyeshe inavyofanya kazi. Ukasema jaribu sekunde hii. Ukasema jaribu ile. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Ilipotoa jina lako ukasema hiyo hiyo, usiiguse." Akaichukua pakiti yake ya kijani. "Mimi nilidhani umeipenda kazi yangu."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na hakikuwa cha Babu. Kilianzia kwa kinyozi, kikapita kwenye meza za nguruwe, kikatoka nje ya uchochoro. Khoo akasimama katikati yake na suti ya zabibu, kipaza sauti mkononi, bado hakijazimwa, kikituletea pumzi zake.

Huong hakucheka. Alikuwa amepita katikati ya watu bila mtu kumwona, kama walivyozoea kutomwona. Akaingia hekaluni, akafungua droo iliyo chini ya madhabahu, akatoka na vibao viwili vyekundu amevibeba kwa mikono miwili. Akaviweka sakafuni mbele ya mlango.

"Tuanze," akasema. "Keki zinapoa."

*

Tukaanza. Mzee mtunza hekalu akaita majina, mmoja mmoja, kama kawaida ya zamani, magoti yakauma, watoto wakalia. Pin alikubaliwa mara moja, akakataliwa. Mjane wa fundi alikataliwa papo hapo, akamlaumu Pin kwa kuviacha vibao na mafuta ya nguruwe. Chong-hian aliomba aviangalie vibao kwa karibu, akavipima kwa vidole, akamnong'oneza Pei-chun kwamba kweli havina usawa, upande mmoja mzito.

"Najua," Pei-chun akamjibu. "Lakini ni vizito kwa kila mtu sawasawa, na havijui nani anavirusha."

"Babu anajua," nikasema.

Jina la Khoo likaitwa. Alikuja, kwa kuwa asingekuja ingekuwa vibaya zaidi. Akapiga magoti, akataja jina na nyumba yake, akarusha. Vibao vyote viwili vikalala kifudifudi. Amekataliwa. Akainuka akipangusa suruali, akasema sakafu imeinama. Sakafu ile aliipiga vigae yeye mwenyewe, na alilipwa.

Kisha mzee akaita: "Nguyen Thi Huong. Nyumba ya kisimani."

Nilimwona akivuta sketi yake. Alipiga magoti, akasema jina lake kwa sauti ya juu kuliko alivyowahi kusema neno lolote katika uchochoro ule, na jina la kijiji alikozaliwa, na nyumba anayokaa sasa. Akarusha. Kimoja hivi, kingine vile. Amekubali. Akarusha tena. Amekubali. Watu wakasogea. Nikasikia mtu nyuma yangu akiuliza, "Huyu ni nani?" na Pin akamjibu, "Huong wa kisimani, wewe unaishi wapi?"

Akarusha mara ya tatu. Kibao kimoja kikatua ubapa juu. Cha pili kikazunguka, kikazunguka, kikagonga mguu wa meza, kikatulia. Ubapa juu.

"Amecheka," mzee akasema. "Anayefuata."

Huong akaviokota vibao, akavikabidhi kwa mikono miwili kwa anayefuata, akaondoka mstarini.

Chetezo kilikwenda kwa kinyozi, mtu mvivu ambaye nyumba yake imejaa vizimba vya ndege mpaka hana pa kuweka kikombe, na ambaye alikuja kurusha bado ana sabuni ya mteja mkononi. Khoo alimpa mkono. Ilibidi ainame kidogo, kinyozi ni mfupi.

Njiani kurudi nyumbani Pei-chun alibeba masinia, mimi na Huong tukamfuata taratibu. Niliogopa kumtazama mkwe wangu usoni. Nikasema nitamnunulia kitambaa kizuri, nikasema watu wale hawana maana, nikasema mengi ya kijinga ambayo mtu husema.

"Mama," akanikatiza, "umeona lakini? Amenicheka."

"Nimeona, mwanangu. Pole."

"Amenicheka mimi. Nimemwambia jina langu, akanisikiliza mara mbili, akanicheka." Alikuwa anatabasamu na macho yamelowa. "Khoo hata kuchekwa hakuchekwa leo."

Akatembea kidogo, akavuta tena ile sketi, akaikunjia uso.

"Mwakani navaa suruali," akasema. "Hii inanibana nikipiga magoti, mkono haurushi vizuri."